Siku Niliyomtafsiria Mama Yangu Uongo

Jamani, hii aibu ningeificha mpaka kaburini, lakini tantine wangu Kavira, shangazi yangu, alikuwepo, na Kavira hajui kufunga mdomo, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu.

Ilikuwa komunyo ya kwanza ya binti yangu Divine, hapa kwetu Murara. Mama yangu mzazi alitoka Butembo, barabara yote ile na miguu yake inayouma, na mfuko wa maharagwe, kuja kumuona mjukuu. Mama anajua Kinande tu. Divine anajua Kifaransa na Kiswahili (baba yake ni Muhunde, miye Munande, tukaona lugha za kwetu zitamchanganya kichwa, eti atajifunza akikua!). Basi nikakaa katikati yao niwe mkalimani.

Mama akamshika mashavu. Divine akaruka: "Mama, mwambie aniache, mikono yake inaniparuza!" Wageni wamejaa nyumba, ningesemaje? Nikamwambia mama kwa Kinande: "Anasema alikukumbuka sana."

Weee! Mama akacheka mpaka machozi, akataka kujua kama mutoto atakubali kwenda kwake vakansi, shule zikifungwa, Divine akajibu hataki, koko, yaani bibi yake, ananuka moshi, na miye, mutu nisiye na akili, nikasema anauliza mutaondoka lini. Mama akasimama mbele ya watu wote, akapiga vigelegele, akatangaza kwamba kesho anaondoka na mjukuu wake, akamvuta mkono waende kufunga nguo. Divine akaangua kilio. Wageni waliosikia lugha zote mbili walishindwa kujizuia, mmoja fanta ikamtokea puani.

"Munacheka nini?" mama akauliza. Kavira akamwambia yote, hakubakisha.

Mama akaketi. Hakugomba (ningefurahi kama angegomba). Akaniuliza tu: "Na ile ya kusema alinikumbuka, ilikuwa yake ao yako?"

"Yangu, mama."

"Basi tangu nifike sijaongea na huyu mutoto hata neno moja."

Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Sasa Divine anajifunza Kinande, kidogo kidogo, anakivunjavunja. Mama akipiga simu ninampa mutoto, halafu ninatoka inje kumenya viazi. Wakikwama, wakwame, ninasikia wananyamaza, wanaanza tena. Siingilii. Mungu ananisikia, sitasema tena mahali pa mutoto wangu.