Kibodi Niliyoiziba Mdomo

Kiwanda chetu cha mtaa wa Panda kilikuwa kinapunguza watu, nami nilitegemea mwongozo wa kompyuta niliojisifu kuuandika mwenyewe unibakize kazini. Ulieleza amri mbili za kiini cha kompyuta: moja huizuia isikatizwe na chochote, nyingine huiruhusu tena. Mbele ya mkuu niliingiza ya kwanza kwa mbwembwe. Nikaandika ya pili. Kompyuta haikuitikia. Msomi mzima nilisahau kwamba kibodi nayo huikatiza kompyuta ili isikike, na nilikuwa nimeshaizuia. Miaka ile kila aibu tuliitupia umeme, kura kama tulivyouita.

“Chef, kura imekatika.”

Karani wake, Mama Béa, akatazama feni ya darini. “Papa Kalala, kura imekatika na ventilateur iko inazunguka?”

Mkuu akauinua mwongozo wangu. “Na hii, ni nani alikuandikia?”