Yaya wa Seli Zenye Njaa

Saa moja kasorobo asubuhi. Yaya anapanda ngazi sitini na nne hadi maabara, maana lifti imekufa tangu mwaka jana. Ananawa hadi viwikoni, anafungua kabati la joto na kuchungulia visahani vyake. Mkono unamwasha. Anauzuia.

"Wana njaa tangu jana asubuhi," ananong'ona. "Lakini leo siwalishi ng'o."

Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akilisha seli, na hizi za sasa ni za misuli inayozunguka mishipa ya damu. Hazijui Jumapili wala msiba, naye huja kuzilisha siku zote, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Yaya.

Mtafiti ambaye Yaya humsaidia, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, anatafuta jibu la swali moja. Mwilini kuna homoni inayoiamuru misuli hiyo ibane mshipa, na ikizidi kubana, presha hupanda. Je, seli zikipewa vichocheo vya ukuaji, zinaitii homoni hiyo kupita kiasi? Ili kujua, seli zote hushindishwa njaa siku nzima. Kisha nusu hupewa vichocheo, nusu huendelea na njaa, ndipo homoni inatiwa.

Mwezi uliopita, siku ya njaa, Yaya alizilisha zote. Kazi ya wiki sita ikaenda na maji.

"Mkono ulikwenda wenyewe," anasema, macho chini. "Mazoea yana taabu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Alikiri mwenyewe, kabla hajaulizwa. Akiba ya seli kwenye barafu ilikuwa kichupa kimoja tu. Walipoanza kukuza upya, alimkabidhi mtafiti ufunguo wa friji ya chakula cha seli: "Kaa nao, mwanangu. Siku ya njaa nikiuomba, ninyime."

Nusu ya visahani vinapewa vichocheo, na saa tatu homoni inatiwa. Kwenye skrini, mstari unaoonyesha mwitikio wa seli zenye njaa unajikongoja chini. Ule wa zilizopewa vichocheo unapaa.

"Ona, mama!" mtafiti anapiga makofi. "Hizi zimebishiwa hodi mara moja, zimeitika kama zimebishiwa mara kumi!"

Yaya anavuta kiti. Anaketi. "Tumemaliza?"

"Bado, mama. Turudie mara mbili, ndipo watu watuamini."

Anacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Atastaafu baada ya miezi minane, na anataka marudio yote mawili yamkute kazini. Nyumbani ana mume, fundi cherehani aliyepoozeshwa mkono wa kushoto na presha. Kila jioni mzee humtania: "Wanao wamesemaje?" Naye hujibu: "Wamekula, wamelala."

"Dawa iko mbali, huenda isimkute," anasema. "Sijamdanganya hata siku moja."

Anamnyooshea mtafiti kiganja. "Nipe ufunguo. Wenzao wanaokua kwenye chupa za akiba nao wale."

Anainuka, mkono kiunoni. "Leo akiniuliza, nitamwambia wameshinda na njaa, na wamesema."