Kiungio Ambacho Kila Mmoja Alimwachia Mwenzake

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa fundi kijana, nimetumwa kwenye mnara wa simu wa kijiji kimoja upande wa Ugalla. Mawingu ya mvua za kwanza yalishajipanga, na barabara yetu unaijua ikilowa. Gari la wagonjwa lazima liitwe mapema. Lakini simu zilikuwa zinakwaruza na kukatika.

Mnara ule ulikuwa wa kampuni mbili. Kwa kuwa kijiji ni kidogo, zilikubaliana kutumia antena moja. Kila kampuni ilikuwa na mtambo wake wa kurusha mawimbi, kila mtambo na masafa yake, na nyaya zao zilikutana kwenye kisanduku kimoja. Kutoka hapo ilipanda kebo moja tu mpaka juu. Ikifanywa vizuri ni kazi ya kupendeza: wote wanapita bila kusukumana. Mimi nilitoka kampuni moja. Nyingine ilimtuma Masanja, kijana wa wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe, mcheshi sana, Mungu amjalie afya huko aliko.

Nilimwomba azime mtambo wake. Alipozima, kelele zikaisha.

"Umeona?" nikamwambia. "Mawimbi yako yameingia kwangu kama ng'ombe zenu shambani."

"Subiri, mkulima. Sasa zima wa kwako."

Nikazima, yeye akawasha. Kelele hazikuwepo vilevile.

"Basi leo shamba ndilo limewafuata ng'ombe," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Tulibishana mpaka mchana, kila mmoja na ushahidi wake, kila mmoja akijiandaa kuwaambia wakubwa kwamba mtambo wa mwenzake uondolewe. Nusu ya kijiji ingebaki bila simu.

Ndipo akaja Sista Oliva, muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima aliyelelewa misheni ya Karema. Alikuwa na mjamzito wa mapacha aliyehitaji kupelekwa Mpanda, na kila akimpigia dereva wa huko alisikia nusu neno. Akatusikiliza wote wawili.

"Wanangu, nyie wote mnasema kweli," akasema. "Huyu akinyamaza panakuwa pazuri, yule akinyamaza panakuwa pazuri. Sasa hapo katikati yenu mmeangalia?"

Hatukuwa tumeangalia. Tulizima mitambo yote miwili, maana hukaribii antena inayorusha, tukapanda pamoja. Pale kebo ya pamoja inapoingia kwenye antena, kiungio kilikuwa kimezungushiwa utepe safi kabisa. Tulipoutoa, kikazunguka kwa vidole tu, na ndani kina kutu. Mafundi waliotutangulia walikaza vya kwao kwa spana. Hiki cha wote, inaonekana kila upande ulidhani wenzao wamekikaza. Na kiungio kikilegea, mwanangu, mawimbi ya huyu na ya yule yakikutana hapo huzaa kelele ya tatu ambayo hakuna aliyeirusha. Ndiyo maana mmoja akizima, inatoweka.

Masanja alishika kebo, mimi nikakaza kiungio kipya. Tukawasha mitambo yote. Sista akapiga simu.

"Unanisikia?"

"Sista, kama umekaa hapa mtaani kwetu Majengo!" dereva akajibu.

Gari lilifika kabla ya mvua. Mapacha wale walizaliwa salama, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili yao.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi katika ndoa, nimekaa vikao vya ukoo na vya kanisa, na kelele ile nimeisikia tena na tena. Watu wawili wanagombana, na hakuna anayedanganya. Usikimbilie kumwondoa mwenzako. Akiondoka patakuwa kimya, nawe utadhani ulikuwa sahihi. Zima kwanza mtambo wako, mwombe naye azime, mpande pamoja mkaangalie kile kinachowaunganisha. Labda ni sala ya jioni ambayo kila mmoja anangoja mwenzake aianzishe. Labda ni mama yenu mzee, ambaye kila mtoto anadhani mwingine amekwenda kumwona. Kikaze wewe, hata kama unaamini kimeshakazwa.

Mungu akupe sikio la kumsikia aliye upande wa pili. Akupe mkono usioona aibu kushika spana ya kazi ya wote. Na siku utakapoita kwa shida, awepo wa kukujibu kwa sauti safi, kama amekaa jirani. Amina.