Bunduki Niliiharibu Mimi, Lawama Nikamtupia Mke Wangu

Kosa ni langu. Nianze hapo, maana nikiachiwa nafasi nitazunguka kama nilivyozoea. Niliharibu kitu kwa mikono yangu, nikajua kabisa kwamba nimekiharibu, halafu nikamwacha mke wangu abebe lawama wiki tatu nzima. Wiki tatu! Hapa Minnesota kila ninayeweza kumweleza anamjua mke wangu, ndiyo maana nawaandikia ninyi. Jina langu liacheni. Yeye nitamwita Mama Neema, na hata hilo nimelibuni.

Mimi ni Mtanzania, tunaishi Burnsville miaka mingi sasa. Nafanya kazi kiwandani, nachonga vyuma vidogo kwa mashine. Lakini ufundi wenyewe niliupata Morogoro, kwenye karakana ya baba mdogo, tukitengeneza pampu, cherehani, jenereta, chochote kilicholetwa. Baba mdogo alikuwa fundi hodari, na alikuwa na sheria moja. Mteja akirudi na malalamiko, usikubali kosa. Muulize kwanza, "Umeitumiaje?" Akizidi kubisha, mwambie kuna fundi mwingine kaigusa. Nyie si mnawajua mafundi wetu? Fundi kusema "hapa nimekosea" ni mwiko.

Sheria hiyo niliibeba mpaka Marekani, na sikujua kama nimeibeba.

Mama Neema anafanya kazi kliniki moja huko Richfield, kazi ya kutoa wagonjwa damu ya vipimo. Wale wazee ambao mishipa yao haionekani, wenzake wakishindwa wanamwita yeye. Anachoma mara moja tu, mzee hata hajamaliza kulalamika. Miaka miwili iliyopita mwenzake wa kazini akampeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha. Mimi nilicheka sana. Mwanamke wa Tanga na bunduki wapi na wapi! Basi akashika bunduki ya kuazima, ile ndogo ya risasi za twenty-two, akapiga tano, na matundu yote matano ungeyafunika kwa kifuniko cha soda.

Alirudi nyumbani uso unang'aa. Jumamosi ikawa siku yake. Na naomba mnielewe, mwanamke huyu hakuwa na kitu kingine cha kwake. Ni kazi, watoto, kanisa na misiba ya watu. Klabu wakaanza kumwambia ajaribu mashindano ya Aprili, akifanya vizuri wamwingize kwenye timu yao.

Nikajitutumua. "Acha kuazima," nikamwambia. "Ya kwako nitakutengenezea mwenyewe."

Majira yote ya baridi nilikuwa gereji. Mwili wa bunduki niliununua dukani kwa karatasi zote za sheria, nikaagiza mtutu mzito wa mashindano, kitako cha mbao nikakichonga kwa kipimo cha bega lake. Ni aina inayojipakia yenyewe. Ukifyatua moja, inatema ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Sasa humo ndani kuna kindoano kidogo kama kucha ya mtoto, ndicho kinachonasa ganda na kulivuta nje. Kilikuja kizima kutoka kiwandani. Kizima! Lakini mkono wangu hautulii. Nikakiona kama kina makali, nikakibana kwenye jiliwa, nikakipiga tupa kidogo eti kukilainisha.

Jumamosi ya kwanza ya kuijaribu tulikuwa watu wachache uwanjani, akiwemo Njoroge, rafiki yetu Mkenya. Mama Neema akalenga. Risasi tatu safi, ya nne ikakwama, ganda limebaki ndani. Akalitoa taratibu kama alivyofundishwa, akaanza tena. Mbili, ikakwama. Moja, ikakwama.

"Fundi," Njoroge akasema, "hii machine yako iko kwa strike ama?"

Watu wakacheka. Kicheko cha kawaida tu, cha marafiki. Ningecheka nao, yangeisha. Badala yake nikasikia karakana ya Morogoro inatoka kinywani mwangu.

"Bunduki haina tatizo. Ni Mama Neema, mikono inamtetemeka. Aina hii inataka mkono uliotulia."

Mama Neema akaiweka bunduki mezani, akainyoosha mikono yake mbele akaitazama. "Inatetemeka?"

"Ee, kwani hujioni? Kidogo hivi."

Sikuwa nimeona kitu! Mikono ile ilikuwa imetulia tuli! Na kibaya zaidi, mama yake mzazi alifariki kwa ugonjwa wa kutetemeka. Nilipokwenda Tanga kujitambulisha ukweni, nilimkuta mama wa watu hawezi kushika kijiko, binti yake ndiye anamlisha. Nililiona hilo kwa macho yangu. Lakini siku ile uwanjani nilikuwa nawaza aibu yangu tu.

Jumanne yake nikaifungua bunduki, nikachukua lenzi ya kukuzia. Haikunichukua muda. Kile kindoano nilikipunguza mno, kilikuwa kinateleza kwenye ganda. Nilijisikia vibaya, sikatai. Nikaagiza kipya siku hiyo hiyo, Ijumaa kikafika. Na hapa ndipo ninapojichukia. Nilikitia kwenye droo ya gereji, chini ya glovu.

Mtauliza kwa nini. Nilipiga hesabu za kijinga. Nikikibadilisha leo, bunduki itakaa sawa ghafla, na Mama Neema atajua haikuwa mikono yake. Njoroge naye atajua. Kwa hiyo nikajiambia ngoja kwanza, ajizoeze kutuliza mkono, mashindano yakikaribia nitakibadilisha kimyakimya, yeye aone ni mazoezi yake. Yaani nilitaka hata anishukuru! Mtu mzima mimi, baba wa watoto!

Yeye akaamini. Akaacha chai, na mjue ni mtu wa Tanga huyo. Akawa anabana mpira mkononi akiangalia taarifa ya habari. Akawa anashika chupa ya maji mkono umenyooka, anahesabu kimoyomoyo huku anaikodolea macho. Binti yetu, miaka kumi na sita, akamwambia, "Mom, stop it. Your hands are literally fine."

"Baba yako ameona," akajibu.

Nilikuwa kwenye kochi pale pale. Nikachukua rimoti nikabadilisha chaneli.

Halafu kazi zikanibana, zamu za ziada wiki mfululizo, na ile siku ya kubadilisha ikanipita. Siwadanganyi, asubuhi ya mashindano nilikikumbuka kindoano tukiwa tayari kwenye gari, barabara kuu ya I-35, nusu ya safari. Ningegeuza gari. Ningesema tu! Nikaendelea kuendesha, nikajipa moyo kwamba labda leo itakubali.

Haikukubali. Ilikwama risasi ya tano, ikakwama tena, na tena. Kila ikikwama anainua mkono kumwita msimamizi kama kanuni inavyotaka, watu wote wanamsubiri yeye. Mara ya sita akaiacha wazi mezani, magazini ya risasi pembeni, akamwambia msimamizi, "I'm done, thank you." Akarudi nyuma akasimama ameficha mikono kwenye mifuko ya koti.

Njoroge alikuja kutusaidia. Akaichungulia ndani kwa tochi, akachungulia tena. "Nani alipiga hii kitu tupa?"

Na mimi nikajibu nini? "Imekuja hivyo kutoka dukani."

"Wacha bana. Hizi ni alama za mkono, na ni fresh."

Mama Neema alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Alisikia yote. Alingoja mpaka tumefika nyumbani, tumeegesha, nimezima injini.

"Ulijua lini, Baba Neema?"

Nilitaka kusema leo. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini nilimtazama nikashindwa. "Jumanne ile ya kwanza. Kipya kiko kwenye droo."

Nilitegemea anitukane. Ningefurahi angenitukana! Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeomba kazini wanitoe kwenye kutoa damu. Wiki ya pili sasa niko mapokezi. Niliogopa nitamwumiza mtu."

Sikuwa najua. Naishi naye nyumba moja, sikuwa najua!

"Na Alhamisi nina miadi na daktari wa mishipa ya fahamu. Sikutaka kukwambia mpaka nihakikishe. Nilikuwa napiga hesabu, Neema atakuwa na miaka mingapi siku nikishindwa kushika kijiko."

Mungu wangu! Mimi naficha kipande cha chuma kwenye droo, mwenzangu anajiandaa kufa kama mama yake. Nilimwomba msamaha pale pale kwenye gari. Akaniambia, "Nimekusikia," akashuka.

Alhamisi tulikwenda wote. Daktari akamwambia aguse pua, atembee, achore mduara. Akampima kila kitu kwa subira, mwisho akasema haoni dalili yoyote, mikono ni mizima. Mimi nililia hapo hapo kwenye kiti. Yeye hakulia. Alimshukuru daktari akavaa koti lake.

Kile kindoano nilikibadilisha kwa dakika ishirini. Njoroge ameipiga bunduki ile risasi mia bila kukwama hata mara moja, na matundu yake ni mazuri ajabu. Mama Neema haigusi. Klabu wamempigia mara mbili, anasema ana shughuli. Kazini msimamizi wake kila wiki anamuuliza lini atarudi kwenye sindano, kuna wazee wanamtaka yeye tu. Anajibu, "Bado kidogo."

Nimeshamwambia mara ngapi kwamba nilidanganya! Anakubali kwamba nilidanganya. Daktari amemwambia yuko salama, anakubali. Lakini ukimwambia mtu jambo analoliogopa miaka yote, halafu ukamwacha nalo wiki tatu, huwezi tu kwenda kulichukua. Nimejaribu, sijafanikiwa, na inanitia hasira nisiyokuwa na wa kumpelekea ila mimi mwenyewe.

Nyie mnaojiita mafundi, na mnaojua kazi kuliko watu wote nyumbani, sikilizeni. Siku umeharibu, sema siku hiyo hiyo. Watu watakucheka, na wacheke! Usimtupie mtu kosa lako ili ubaki na jina la ufundi, maana hujui huko ndani mwake litakwenda kugusa nini.

Jumapili iliyopita tulikuwa kanisani kwetu, Hopkins. Dada mmoja wa Kikongo amejifungua, mtoto ana wiki mbili. Akamsogelea mke wangu akicheka. "Mama Neema, kamata mtoto kidogo, nitafute biberon yake ya maziwa."

Mke wangu anapenda watoto wachanga kuliko kitu chochote. Zamani angempokonya kabla hajaambiwa. Safari hii alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono ndani ya mtandio.

"Mpe Baba Neema," akasema. "Yeye mikono yake imetulia."