Mwosha Matumbo Aliyekataa Kunyamazia Figo Nyeusi

Kunakucha Sotik, na Drusilla Nyanchoka tayari ana hasira. Ameinama juu ya karai kwenye kichinjio, maji baridi yamemfika viwikoni, anageuza na kusuuza utumbo wa kondoo. Kando yake ametenga figo moja. Ni nyeusi tititi.

"Hii siuzi," anasema. "Hata mbwa simpatii."

Nyanchoka, 47, mama wa watoto wanne aliyehamia hapa kutoka Kisii, ameosha matumbo kwa miaka kumi na tisa. Akiuza anayopewa kama ujira, hupata kama shilingi mia tano kwa siku. Hajasomea udaktari, lakini ini la kondoo mwenye afya analijua kwa kulishika tu.

Mwaka jana alianza kukutana na maini ya manjano na figo nyeusi. Mkaguzi wa nyama alizitupa shimoni, basi. Kwa nini zimeharibika? Hilo halikuwa na mwenyewe.

Akawauliza wenye kondoo. Wote walitaja dawa moja mpya ya kunenepesha, yenye shaba iliyosagwa ikawa laini kuliko vumbi.

Nyanchoka akafanya anachokijua mwosha matumbo yeyote: akazitia figo chumvi, akazikausha kwa moshi wa jiko, akazipeleka Kericho kwa mtafiti wa mifugo, Daktari Chepchirchir.

"Daktari alicheka mpaka akashika meza," anasimulia. "Akaniambia, 'Mama, umeniletea mboga!' Nikamwambia, 'Basi nipe dawa yenu ya kuhifadhi, nitarudi.' Nilirudi mara saba!"

Safari hizo figo na maini vilikuwa ndani ya dawa hiyo, formalini. Chini ya hadubini, anasema Chepchirchir, seli za ini zilikuwa zimekufa kwa mafungu, na mirija ya figo imeziba.

"Chembe za shaba ndogo namna hiyo hupenya hadi ndani ya seli," anaeleza. "Kondoo hawezi kuitoa shaba upesi kama ng'ombe. Inajaa kwenye ini, siku moja inamwagika kwenye damu, figo zinalemewa. Bado tunapima kondoo zaidi, lakini huyu mama aliona kabla yetu."

Gibson, msimamizi wa kichinjio, hakufurahi. Wateja walikuwa wameanza kuogopa nyama. "Mama Ratemo, kazi yako ni kuosha," alimwambia Nyanchoka. "Mambo ya figo achia wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?" Nyanchoka anauliza, sauti imepanda. "Nani anashika hizi figo kila asubuhi? Si ni mimi? Ng'o! Sinyamazi. Watu wanaua kondoo zao wenyewe, na hiyo sumu wanainunua!"

Ijumaa hii wafugaji wa Mogogosiek wamemwalika kwenye baraza la chifu. Gibson amemwonya: akienda, asirudi kazini.

"Naogopa, kwa nini nidanganye? Mwanangu Ratemo yuko kidato cha tatu," anasema, akijipangusa mikono kwa leso. "Lakini nitasimama pale, nipasue figo mbili mbele yao, nzima na mbovu, wajionee. Gibson akitaka kunifuta kazi, anifute Jumamosi."