Kiondo cha Vitako Viwili

Jina lake lilikuwa Wamboi, lakini pale nyuma ya Matisi, nje kidogo ya Kitale, hakuna mtu alilitumia. Msichana wake aliitwa Wangu, basi yeye akawa Mama Wangu. Ndio maana kila mtu, kuanzia mwenye posho mili ya kusaga mahindi hadi pasta mwenyewe, alikuwa anamwita "mama wangu" apende asipende. Alizaa mmoja, akapata watoto kijiji kizima.

Kazi yake ilikuwa viondo. Asubuhi ng'ombe, mchana palizi, na katikati ya hayo yote katani iko pajani inasokotwa iwe uzi. Ukitaka ukweli, paja lake la kulia lilikuwa laini kuliko la kushoto. Kiondo huanza na kitako. Kitako kikishika ndio unapanda na ukuta, na huo ukuta ndio ulikuwa unamsema. Moyo ukitulia, kiondo inasimama wima. Akiogopa, mkono unavuta uzi sana, kiondo inainama upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri ya wenyewe.

Na hofu alikuwa nayo moja tu: shamba. Ekari moja na nusu, marehemu mumewe Gathii aliinunua kwa mzee fulani wa Bungoma. Taito, ile hati ya serikali, haikutoka. Kilichokuwepo ni karatasi moja ya makubaliano, imeandikwa kwa mkono, dole gumba la muuzaji hapo chini, na sahihi ya shahidi, jirani yao Nyongesa. Muuzaji akafa, Gathii akafa, karatasi ikabaki. Wamboi alikuwa ameona vile mambo huenda. Cheptoo wa kule chini alitembelewa na watoto wa aliyemuuzia, wakazunguka shamba na kamba, na kabla mahindi ikauke vitanda vya Cheptoo vilikuwa juu ya mkokoteni.

Sasa Jumanne moja, mwaka wa 2005, ile simu yake ya tochi ikalia. Ni meseji ya Nyongesa, ambaye alikuwa ameenda matanga huko Bungoma.

"Mama Wangu mulembe. Wazee wanakuja Jumamosi kuongea mambo ya mahali. Usiogope."

Hiyo "usiogope" ndio ilimmaliza. Nani huambiwa asiogope kama hakuna kitu? Alipiga simu, ikamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena, hadi yeye na huyo dada wa "mteja hapatikani" wakawa karibu marafiki.

Alianza kutafuta pa kuficha karatasi. Kuzika, kuna mchwa. Kwa Biblia, hapo ndio kila mtu huangalia kwanza. Chini ya godoro, ya Cheptoo ilikuwa hapo hapo. Mwishowe akafanya kile vidole vyake vinajua. Akasuka kitako, akaweka karatasi ndani ya nailoni, akasuka kitako kingine juu yake, akashona bitana akafunga. Ijumaa kiondo ikawa tayari, nyeusi na mstari mwekundu, akaitundika ukutani pamoja na zingine sita za wiki hiyo. Zote saba zilikuwa zimeinama. Mtu angedhani ni kwaya inaangalia mwalimu.

Jioni Wangu akafika nyumbani. Alikuwa anafua nguo za hospitali ya misheni kule Lugulu, na si kawaida yake kuja bila kusema. Amebeba nyama, sukari, na kitambaa kipya cha meza. Akafagia boma yote, hata nyuma ya choo. Wamboi akamwangalia akafikiria, huyu ameshasikia, anaaga nyumba yao. Mama akaogopa kumuuliza mtoto, mtoto akaogopa kumwambia mama. Wakala nyama kimya kama wako matanga.

Jumamosi saa nne pikapu ikasimama kwa lango. Wazee watatu, Nyongesa, na mama mmoja mkubwa wa kitambaa cha kanisa, anaitwa Dinah. Mzee wa kwanza, Walubengo, alisalimia halafu badala ya kuingia nyumbani akashika bakora yake, akafuata ua pole pole hadi mwisho wa shamba, akageuka, akarudi na upande ule mwingine. Wamboi akamfuata kwa macho. Anapima, akajiambia. Hata kamba hajabeba, anapima na miguu.

Waliomba, wakapewa chai. Walubengo akasimama, akakohoa.

"Mama, sisi tumekuja juu ya mahali."

Wamboi alikuwa amejipanga tangu Jumanne. Lakini ulimi wa kwao Murang'a ukiogopa, "l" zote hukimbilia kwa "r".

"Hiyo mahari Gathii alilipa ikaisha," akasema. "Mbele ya mashahidi. Hata huyu Nyongesa alikuwa. Mimi siwezi kuongeza kitu, na siwezi kutoka."

Wazee wakaangaliana.

"Yako tunajua iliisha, mama," Walubengo akasema taratibu. "Sisi tumekuja na ya huyu msichana."

Nyongesa ndiye alielewa kwanza. Chai ikamtoka na pua. Yeye aliandika mahali, Walubengo naye akasema mahali, wote wanataka mahari. Mama Wangu akasema mahari, anataka mahali. Wangu alikuwa amejifunika uso na kile kitambaa kipya. Ni yeye alikuwa amemtuma Nyongesa amlainishie mama, kwa sababu Sifuna, kijana wa Dinah, alikuwa amechoka kungoja kumuoa. Na Walubengo? Maskini alikuwa anatafuta choo tangu watoke kwa Dinah huko Kimilili, na aliona aibu kuuliza kwa wakwe.

Wamboi akacheka hadi akalia. Watu wakala, wakaimba. Alienda kumpa ng'ombe maji akisikia mwili umekuwa mwepesi, na huko ndio alisikia pikapu ikiondoka. Aliporudi, ukutani viondo vilikuwa sita.

"Ingine iko wapi?"

"Nimempa Mama Sifuna, na maharagwe," Wangu akajibu. "Si wewe husema mgeni haendi mikono mitupu? Nimechagua ile ngumu, ya mstari mwekundu."

Wamboi akakaa chini, hapo hapo kwa vumbi.

Hii ilikuwa hofu mbaya kuliko ya kwanza. Akienda kuiuliza, ni kama kuwaambia wakwe, nilidhani nyinyi ni wezi, na hiyo harusi Wangu ataisikia tu kwa wengine. Akinyamaza, dole gumba la muuzaji litalala Kimilili milele. Siku tatu alisuka kiondo moja, akaifumua mara nne, hadi ikasimama wima kabisa. Siku ya nne akashika njia ya Kimilili.

Dinah alimpokea vizuri mpaka akazidi kuogopa.

"Mama Sifuna, ile kiondo ilikuwa imeinama," Wamboi akaanza, hakumaliza hata chai. "Ni aibu kwangu. Nimeleta ingine tubadilishane."

Dinah akaweka birika chini.

"Inasema kwacha kwacha," akasema. "Kila nikimimina maharagwe."

Dinah akainuka, akafunga mlango, akaenda pale kona kuku ilikuwa imelalia mayai. Akaisukuma, ikamdonoa, akaingiza mkono chini ya nyasi akatoa nailoni. Ndani mlikuwa na karatasi mbili.

"Hii ni yako, nilisoma. Hii ni yangu. Tangu mzee wangu aende, ndugu zake huuliza ile karatasi ya shamba iko wapi kila Krismasi. Hii kuku hudonoa mtu yeyote, hata pasta." Akairudishia kuku mayai yake. "Lakini mayai yataanguliwa wiki ijayo, Mama Wangu. Baada ya hapo sina askari. Nishonee na mimi."

Walishona hadi saa kumi, mlango umefungwa, wakinyamaza kila mguu ukipita nje.

Kutoka hapo, siku ya soko Kimilili, akina mama wakawa wanainama kwa meza yake wananong'ona: mama wangu, iko ile ya vitako viwili? Hakuuliza mtu ni ya nini. Na zote akawa anazisuka zimeinama makusudi, ndio ile ya kwake, pale ukutani, isijulikane. Wateja wa Kitale walidhani ni staili. Mbwa akibweka mchana, Wamboi angeangalia mlango, angeangalia ng'ombe, angeangalia viondo vyote isipokuwa moja.