Flashi Yangu Imenilipa Leo

Leo flashi yangu kuukuu ya kamera imenifanya niungame.

Nilitaka picha ya kuwekwa juu ya jeneza langu, nimulikwe kwa flashi hiyo hiyo. Daktari amesema nisichelewe.

Binti yangu Wanjiru aliifunga kwenye kamera yake ya dijitali. Ikawaka! Nikatabasamu kama askofu.

Picha nyeusi tii.

Tukabadilisha betri, tukasugua vyuma vyake kwa raba ya kufutia. Ikawaka tena, ila si pamoja na kamera. Nyeusi tena.

"Baba, hii inamulika tu, haipigi!"

Nikacheka mpaka nikakohoa, kisha nikamwambia ukweli. Kwenye harusi nilizopiga picha kule Kabazi, filamu ikiniishia, niliendelea kuwamulika watu wasinune. Baadaye niliwaambia picha zimeungua.

"Sasa umejua vile walihisi," akasema Wanjiru.

Maharusi wa Kabazi, nisameheni.

Na mwenye picha yangu yoyote, tafadhali alete. Mpiga picha wenu hana hata moja.